Kunguni wa Msibani

Mimi nina hasira za karibu, na sijifichi. Wateja wangu wa vitenge pale Kariakoo wanajua, wapangaji wenzangu ndiyo usiseme. Kwa hiyo ninaposimulia habari za kunguni walioniingilia chumbani mwaka juzi, sitajifanya nilikuwa mpole. Nilikuwa mbaya, na ubaya wenyewe nilimfanyia mtu aliyetoka kuzika.

Jambo lilianza na macho ya mama. Mama yangu anakaa Lindi, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho mpaka akawa anamjua mtu kwa sauti na kwa kikohozi. Mwaka mmoja kabla ya hapo kaka yangu alimleta kwake Magomeni ili atibiwe. Wiki haikuisha. Wifi yangu alimtengea kikombe chake peke yake, cha plastiki, chekundu, na wengine wote wakanywea vya udongo. Labda aliogopa kitavunjika, mtu mwenyewe haoni. Mama hakuuliza. Alimaliza chai, akasema ahsante, na kesho yake alfajiri akapanda basi la kusini na macho yake vilevile. Ndivyo alivyo. Ukimgusa heshima yake hagombi, anapanda basi.

Safari hii nilimchukua mimi. Daktari wa macho kule Upanga alimpima akatuambia bila kuzunguka: jicho la kulia litapasuliwa kwanza, la kushoto baada ya wiki sita, na mama akikimbia tena, hilo la kushoto asije akamdai mtu. Hebu fikiria. Mama yangu, chumbani kwangu, wiki zote hizo, na asiguswe heshima hata kwa bahati mbaya. Nilisali kweli kweli.

Ninapopanga ni nyumba ya Kiswahili ya zamani nyuma ya soko. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani bomba, choo, bafu la mabati, na kila mtu na jiko lake la mkaa. Mama alifika Jumamosi mchana na begi moja, kikapu cha korosho, na mto wake. Mto huo lazima niueleze. Ni mto wa sufi. Baba aliokota sufi mwenyewe chini ya msufi wa kwao, mama akaushona, na baba akaulalia mpaka siku anafariki. Tangu hapo mama haendi popote bila huo mto. Ndani ya basi anaupakata. Nilimwambia, "Mama, huku mito imejaa, ya kila aina, ningekununulia." Akanijibu, "Na baba yako kalalia upi kati ya hiyo?"

Wiki hiyohiyo jirani yangu, dada wa mlango unaotazamana na wangu, alifiwa na mama yake mzazi. Msiba ukawekwa hapohapo nyumbani. Na msiba ukishaingia kwenye nyumba zetu hizi, hakuna anayeulizwa kama atatoa. Wafiwa wametoka mbali, watalala wapi? Kila mlango unatoa godoro, unatoa mkeka, unatoa sufuria na ndoo. Vikirudi unashukuru, visiporudi unanyamaza. Mimi nilitoa godoro la akiba, lile ninaloliweka chini ya kitanda kwa ajili ya wageni. Matanga yakaanuliwa siku ya tatu, godoro likarudi limefungwa vizuri kwa kamba, nikalisukuma chini ya kitanda ninacholala mimi na mama.

Siku mbili baadaye nikaanza kujikuna.

Mwanzo nilisema ni mbu. Halafu nikasema ni harara, maana joto la Dar mnalijua. Lakini harara haikai kwa mstari. Mimi nilikuwa na mistari: vipele vitatu hapa, vinne pale, toka kifundo cha mkono mpaka kwapani, vimevimba, vinawaka moto. Nikimpimia mteja kitenge, macho yake yanahama kwenye kitambaa yanakuja mkononi mwangu, na yeye mwenyewe anarudi nyuma hatua moja. Mmoja alipokea chenji yake kwa ncha za vidole. Nilitamani ardhi ipasuke, nikaanza kuvaa mikono mirefu, joto lote lile, nikawa naloa jasho na jasho likazidisha kuwasha. Wallahi nilikuwa karibu kulia mbele za watu.

Mama je? Mama hana hata kipele kimoja! Ngozi yake safi, laini, imepakwa mafuta ya nazi. Kuna watu kunguni anawauma na ngozi haisemi kitu, lakini hilo nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilichokuwa nasikia ni mama kila asubuhi: "Mimi mbona sijikuni? Mdudu anamjua mtu msafi. Wewe damu yako ina joto, chemsha mwarobaini unywe." Nikanywa mwarobaini. Uchungu ule wote, na usiku unaofuata wakanila kama kawaida.

Nilipomkamata wa kwanza kwenye chaga za kitanda, mwekundu, ameshiba damu yangu mimi, akili yangu iliruka moja kwa moja kwenye godoro. Godoro lilitoka kwangu likiwa safi, likalaliwa na watu nisiowajua, likarudi, nikaanza kuumwa. Hesabu gani tena? Hawa ni kunguni wa msibani.

Na hapo ndipo mtu unabanwa. Utamwambia nani? Mfiwa? Kunguni kwenye nyumba zetu ni aibu ambayo kila mtu anayo na hakuna anayeitaja. Ukitoa godoro nje juani mchana, umejitangaza. Nilifanya mambo yangu kwa siri. Godoro la akiba nililitupa, nimelifunga kwenye mfuko mweusi kana kwamba nimeua mtu. Maji ya moto nilimwaga kwenye chaga nikijidai naosha sakafu. Miguu ya kitanda nikaitia kwenye makopo ya mafuta ya taa, mama akalalamika kwamba analala kwenye gereji.

Halafu dawa. Pale Kariakoo wauza dawa za wadudu wana spika, sauti iliyorekodiwa inaimba kutwa: mende, panya, kunguni, viroboto! Siwezi kununua mtaani kwangu, wananijua. Nikajifunika mtandio, nikatembea mitaa minne, nikamsogelea muuzaji mmoja nikamnong'oneza. Yeye akanijibu kwa sauti ya sokoni: "Kunguni? Wengi au wachache, mama? Wameshaingia ukutani?" Na nyuma yangu mtu akasema, "Ee, si mama wa vitenge huyu? Mambo vipi?" Nikasema poa. Poa ya nini, sijui.

Nikapuliza dawa mchana mama akiwa amekaa kibarazani. Kunguni wakapotea siku tatu, wakarudi. Nikapuliza tena, wakarudi tena. Jamani, nilichoka. Nilikuwa silali, na mtu asiyelala anakuwa mnyama.

Sasa nifike pale pabaya. Ilikuwa asubuhi, foleni ya bomba uani, wapangaji karibu wote wapo na ndoo zao. Yule jirani aliyefiwa alinikuta nimekunja mikono ya gauni. Akanishika kiwiko kwa huruma kabisa, akaniuliza, "Shoga, umepatwa na nini? Umeungua?"

Ningeweza kusema nimeungua. Neno lenyewe alikuwa ameshanipa mdomoni. Badala yake nikamtoa mkono, nikapasuka: "Nimeungua nini! Ni kunguni wa msiba wenu hao! Nimewapa godoro safi, mkanirudishia wadudu!"

Maji yakafurika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyefunga bomba. Jirani hakunijibu kwa hasira, afadhali angenijibu. Alisema taratibu tu, "Mama yangu hana hata mwezi kaburini, na wewe unanisomea kunguni," akachukua ndoo yake ikiwa nusu akaingia ndani.

Nilipofika chumbani mama amekaa kitandani, uso umekunjamana. Dirisha letu linatazama uani, alisikia yote. "Ni wewe uliyesema vile? Kwa mfiwa?"

"Mama, wananila!"

"Na wakule."

Kuanzia siku hiyo nyumba ikanisusa. Nikisalimia najibiwa, maana salamu haikataliwi, lakini najibiwa huku mtu anatazama sufuria yake. Maongezi yakinikuta uani yanakatika. Mama kila siku ananiambia nenda kamwombe radhi yule binti wa watu. Na mimi kila siku namjibu, niombe radhi ya nini, si kweli wameniletea? Nilikuwa na hasira ya mtu mwenye haki, na hakuna hasira nzito kuibeba kama hiyo.

Jicho la kulia likapasuliwa Jumanne. Jumatano tukarudi Upanga, wakamfungua bandeji. Mama alitulia, akatazama ukuta, akamtazama nesi, akanigeukia. Akanitazama muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe umezeeka, mwanangu." Nesi akacheka mpaka akashika meza. Kwenye bajaji njia nzima mama anasoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja kimoja, na mimi nalia huku natazama pembeni ili asinione, kwa sababu sasa alikuwa anaona.

Kesho yake nilienda dukani, nikamwacha peke yake. Niliporudi jioni nilimkuta amesimama, begi lake liko juu ya kitanda, zipu imefungwa. "Vipi, mama?" Akasema, "Natafuta kanga ya kuogea." Kanga alikuwa amejifunga tayari. Sikutia maanani. Uso wake haukuwa na furaha ya jana, nikadhani jicho linamsumbua. Akachukua kopo akaenda bafuni.

Daktari alikuwa amesisitiza usafi wa kila kitu kinachokaribia jicho, nikasema ngoja nibadilishe foronya. Nikauvua mto wa sufi.

Mshono wote wa upande mmoja ulikuwa mweusi. Nikaufunua kwa ukucha. Walikuwemo wakubwa, walikuwemo wadogo weupe, mayai yamepangwa, na chini yao maganda makavu juu ya maganda, na madoa ya zamani yaliyoingia ndani ya kitambaa. Hawa hawakuwa wa wiki tatu. Hawa walikuwa na makazi humo siku nyingi. Wametoka Lindi, wamepandia kwenye basi, Mungu ndiye ajuaye, lakini msibani hawakutoka. Wamesafiri kwenye mapaja ya mama yangu, na yeye hakuwaona kwa sababu alikuwa hawezi kuwaona.

Nilikaa kitandani na mto mkononi. Nikamkumbuka jirani na ndoo yake nusu. Halafu nikakumbuka kikombe chekundu. Nikimwambia mama, "Wadudu ni wako, wamo kwenye mto wa baba," hatanibishia hata neno. Kesho alfajiri atakuwa kwenye basi, na jicho la kushoto litakwenda naye. Na nisiposema kitu, yule mwanamke wa watu ataendelea kubeba mzigo nilioutwisha msiba wake. Hapo ungefanyaje?

Nikaurudisha mto ndani ya foronya, nikatoka uani. Wanawake walikuwa kwenye majiko yao, jirani yangu anageuza samaki. Nikasimama katikati. Mimi kuomba radhi sijazoea, kwa hiyo nilisema kwa sauti kubwa kama ninayegombana.

"Sikilizeni. Dada, nilikukosea. Kunguni siyo wa msiba wako. Ni wangu. Walikuwa kwenye kitanda changu siku zote, nimewaona leo na makazi yao. Nilikusingizia, na ulikuwa umefiwa. Nisamehe."

Mafuta ya samaki ndiyo yalikuwa yanasema peke yake. Jirani akanitazama, kijiko mkononi, sijui atanimwagia au atanijibu. Kabla hajafungua mdomo, mlango wa bafu la mabati ukalia, mama akatoka na kanga yake na kopo lake. Alisimama. Alinitazama kwa lile jicho jipya, kwa muda, mpaka nikaanza kuogopa.

Akasema, "Nilijua tu! Huyu mwanangu tangu mdogo mchafu. Chini ya kitanda hafagii. Nimemlea, nimemchapa, nimeshindwa. Msameheni, jamani, ni kosa langu mzazi."

Jirani akaangua kicheko. Tangu azike hatukuwa tumemsikia akicheka. Alicheka mpaka samaki akaungua, halafu akafuta macho akasema, "Mama, usimlaumu sana. Na mimi kwangu wapo, nilikuwa naona aibu." Wa chumba cha mwisho naye akasema, "Kwani kwangu hawapo?" Kumbe kila nilipopuliza dawa kwangu walikuwa wanahamia kwake, na yeye akipuliza ananirudishia. Wiki zote zile tulikuwa tunatumiana wadudu kupitia ukutani huku tunasalimiana vizuri.

Jumamosi tulitoa kila kitu nje, mchana kweupe, mtaa mzima unaona. Tukachemsha maji kwa masufuria ya shughuli, tukapuliza vyumba vyote sita siku moja, tukaziba nyufa. Jirani yangu ndiye aliyeshika upande wa pili wa godoro langu. Mto wa mama niliufanyia peke yangu. Nilimwambia mama kwamba daktari amekataza sufi karibu na jicho kwa sababu ya vumbi, nikampa mto wa dukani. Alinuna lakini hakubisha. Ule wa baba nikaufunga ndani ya mfuko mweusi nikaupandisha juu ya bati la choo, ukachomwa na jua wiki mbili nzima. Halafu nikaung'uta, nikausafisha mshono kwa mswaki, nikamrudishia.

Lakini jamani, zile wiki sita! Mama alinitangaza. Mgeni akija, "Karibu, angalia unapokaa, mwanangu huyu alifuga kunguni." Muuza maandazi anajua. Fundi cherehani wa jirani anajua. Kaka yangu alikuja kutoka Magomeni na wifi, mama akawasimulia mwanzo mpaka mwisho, wifi akanitazama kwa raha ambayo sitaisahau. Nikameza. Kila siku nikameza, mimi ambaye sijawahi kumeza kitu. Nilikuwa nahesabu siku za jicho la kushoto.

Likapasuliwa. Likafunguliwa. Likaona.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa anapanga begi. Akauchukua mto, akauweka puani.

"Mto wangu unanukia bati," alisema.

Nilikuwa nakunja kanga zake.

"Siku ile umetoka dukani ukakuta begi kitandani, uliamini natafuta kanga?" Akakaa. "Kitu cha kwanza jicho hili lilichokiona sawasawa, nikiwa peke yangu humu ndani, ni kunguni. Anatembea kwenye mshono wa mto wa baba yako, hana hata haraka. Nikasema, kumbe ni mimi. Nimemletea mtoto wadudu, mpaka kamtukana mfiwa. Nioge, nilale, alfajiri niende zangu. Nikiwa bafuni nikakusikia unasema ni wako."

Kanga zilinitoka mikononi. "Ulijua! Ulijua, na bado ukanitangaza mtaa mzima kwamba mimi mchafu?"

"Sasa ningefanyaje? Ningesema ni wangu, ningeweza kulala hapa siku moja zaidi? Unanijua nilivyo." Alikuwa anaupapasa ule mto, hanitazami. "Wewe ulinitafutia njia ya kubaki, nikabaki. Nilivyokuwa nakusema ndivyo nilivyokuwa najizuia nisipande basi."

Nilishindwa nicheke au nilie, nikafanya vyote. Mama akafunga zipu, akaupakata mto wake, akaniinulia uso akanitazama vizuri.

"Lakini chini ya kitanda kweli hufagii," alisema. "Hilo nimeliona kwa macho yote mawili."

Nikainama nikachungulia. Vumbi lilikuwepo.